Pwani Iliyobebwa Mabegani

Mtama umeshapigwa, alizeti imepata mnunuzi, na huu ndio msimu ambao mtu wa kwetu hapa Busi, Kondoa, anaweza kufikiria kutoka kidogo. Basi leo nakuletea pendekezo la safari. Twende pwani tukaitembelee miji mikongwe ya baharini: Bagamoyo, Kaole, Unguja na Kilwa.

Najua wapo watakaosema hiyo ni safari ya wageni. Mtu wa Kondoa akienda Dar es Salaam huwa anakwenda hospitali, au kumsalimia mwanawe aliyeko Mbagala, au kufuata mzigo Kariakoo. Kulipa kiingilio ili atazame kuta zilizobomoka anaona ni anasa ya wenye fedha zao. Tena anasema ile ni historia ya watu wa pwani, yeye wa bara haimhusu.

Hapo ndipo ninapotofautiana naye, na ndiyo sababu ya mazungumzo haya. Miji ile ya mawe ilisimama kwa mali iliyotoka bara, na mali hiyo ilifika baharini juu ya mabega ya watu wa bara. Mtu wa Busi anayesimama mbele ya mlango wa nakshi wa Bagamoyo au Unguja anatazama jasho la babu zake. Ana haki ya kuufahamu, na ana haki ya kuuliza maswali.

Kwanza, pwani si mbali tena. Tangu Julai 2024 treni ya umeme, ile tunayoiita SGR, inabeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam, na safari inakwisha kwa muda wa saa nne hivi au pungufu. Ukilala Dodoma mjini, ukapanda treni ya asubuhi, mchana unaweza kuwa umeshafika Bagamoyo, kilomita 75 hivi kaskazini ya Dar es Salaam. Na hapo ulipopita kwa saa chache, watu walipita kwa miezi. Reli ya Kati ya Wajerumani, iliyoanza kujengwa mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilifuata mwelekeo wa njia ya misafara. SGR nayo imefuata mwelekeo huohuo. Njia ni ileile. Kilichobadilika ni kinachobeba.

Sasa tuitazame njia hiyo, maana mtu asiyeijua hawezi kuielewa Bagamoyo. Ilianzia Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ikapita Tabora, ikakatiza Ugogo, ikafika Mpwapwa, kisha ikateremka hadi baharini. Ni kilomita 1,200 hivi. Kutoka pwani vilipanda vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, waya wa shaba, bunduki na baruti. Kutoka bara ziliteremka pembe za ndovu.

Uufikirie mzigo wenyewe. Pembe zilipimwa kwa frasila, na frasila moja ni kilo 16 hivi. Mpagazi mzima alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, begani au kichwani. Juu ya hapo alikuwa na mkeka wake, chungu chake na posho yake. Pembe kubwa iliyomshinda mtu mmoja ilifungwa kwenye mti, ikabebwa mzegamzega na watu wawili. Aliamka alfajiri, akatembea hadi jua lilipokuwa kali, akatua, akajenga kibanda cha matawi, akapika, akalala. Kesho yake akaanza upya. Kutoka pwani hadi Tabora peke yake ilikuwa kazi ya miezi mitatu hivi.

Hawa wapagazi walikuwa akina nani? Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, na wengi walikuwa watu huru waliokwenda kwa ujira. Walipatana na mwenye msafara, wakalipwa kwa vitambaa, na wakidhulumiwa walitua mizigo au wakatoroka. Kijana wa Unyamwezi alihesabiwa kuwa mwanamume kamili baada ya kwenda pwani na kurudi. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu mara nyingi masimulizi ya utalii huwachanganya wote katika fungu moja. Wapo waliofungwa minyororo, wakapelekwa pwani kuuzwa, na uchungu wao hauna kipimo. Na wapo waliokuwa wafanyakazi, wenye ujuzi, wenye bei yao. Ukiwaita wote watumwa, unawanyang'anya hawa wa pili kazi yao, na unawapunguzia wale wa kwanza uzito wa dhuluma waliyotendewa.

Na sisi wa nchi ya kati? Ugogo ndipo misafara ilipobanwa. Baada ya Mpwapwa kulikuwa na nyika kavu iliyoitwa Marenga Mkali, na ukishaivuka unaingia nchi ambayo maji yana wenyewe. Watawala wa Kigogo walitoza hongo, yaani malipo ya kupita na kuteka maji, kwa vitambaa na shanga. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871, na maandishi ya safari hizo yamejaa malalamiko juu ya hongo ya Ugogo. Wao waliiona kero. Mimi naiona ni serikali ikifanya kazi yake. Sultani wa Unguja alitoza ushuru bandarini, na mtawala wa Kigogo alitoza ushuru kisimani. Tofauti ni kwamba yule wa kwanza alijenga kasri la mawe ambalo leo tunalilipia kiingilio, na huyu wa pili hakuacha jengo. Lakini bila kisima chake pembe isingefika baharini.

Irangi, huku kwetu Kondoa, nako wafanyabiashara wa pwani walifika wakitafuta pembe katika karne ya 19, na wengine walilowea. Uislamu wa Kondoa, kanzu zetu, kofia zetu, maulidi yetu, vina mizizi katika mwingiliano huo. Kwa hiyo ukifika Bagamoyo ukasikia adhana, ukaona bibi amejitanda kanga akipepeta mchele barazani, hutajiona mgeni.

Haya, tumefika Bagamoyo. Anzia kwenye nyumba ya misafara, ambayo leo ni makumbusho ndogo. Usiingie ukatoka. Simama uani. Hapa ndipo mizigo ilipotuliwa, ikahesabiwa, ikapimwa, na watu wakalipwa au wakazungushwa. Kisha nenda kwenye kanisa kongwe la Misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868. Hapo pana mnara unaoitwa Mnara wa Livingstone. Mmisionari na msafiri David Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake waliuzika moyo wake pale chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Ni miezi tisa hivi ya kutembea na maiti, wakipita nchi za watu waliouogopa mzigo huo. Abdullah Susi na James Chuma ndio waliowaongoza. Mwili ukavushwa hadi Unguja, ukapelekwa Uingereza, ukazikwa Westminster Abbey mwezi Aprili 1874.

Msikilizaji, mnara umepewa jina la aliyebebwa. Waliobeba hawana mnara. Wala simlaumu marehemu kwa hilo. Nasema tu kwamba ukisimama pale, mwombe mwongoza watalii akusimulie habari za Susi na Chuma, na wanaume na wanawake waliokuwa nao, kabla hajakusimulia habari za Livingstone. Watoto wetu wakijifunza uaminifu wa safari ile, watakuwa wamepata urithi mkubwa kuliko mawe.

Bagamoyo pia ndiyo ilikuwa makao makuu ya kwanza ya Wajerumani, hadi walipohamia Dar es Salaam mwaka 1891. Na hawakuingia bila kupingwa. Mwaka 1888 kampuni yao ilipotaka kushika forodha za pwani, watu walisimama chini ya Abushiri bin Salim. Alipozidiwa Bagamoyo mwaka 1889 alipanda bara, na mwezi Juni alikishambulia kituo cha Wajerumani Mpwapwa. Mpwapwa hii hii ya mkoa wetu! Desemba mwaka huohuo alinyongwa Pangani. Vita vinavyoitwa vya pwani vilipiganwa hadi huku kwetu.

Kilomita chache kusini ya mji iko Kaole, kongwe kuliko Bagamoyo yenyewe. Msikiti wake unakadiriwa kuwa wa karne ya 13. Kuna makaburi yenye nguzo ndefu, na kwenye nguzo hizo utaona vishimo vya mviringo. Sogea, weka kidole. Humo ndimo zilimopachikwa bakuli za kaure zilizotoka Uchina, kuonyesha kwamba aliyelala hapo alikuwa mtu wa mali na wa mbali. Kisha tazama ukuta wenyewe. Ni mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya tanuri la magogo kwa saa nyingi, hadi jiwe lilainike na kuwa unga mweupe. Karne zimepita, mvua ya chumvi imepiga, na bado ukuta umeshika. Bandari ya Kaole ilikuja kuzibwa na mikoko, meli zikashindwa kukaribia, maisha yakahamia kwingine. Mji nao una umri wake.

Kutoka Dar es Salaam boti ya mwendokasi inakufikisha Unguja kwa saa mbili hivi. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Ukiingia nyumba yoyote ya zamani utashangaa vyumba vyake: virefu, lakini vyembamba. Inua macho utazame dari. Zile ni boriti, miti ya mikoko, na nyingi zilivushwa kutoka delta ya Rufiji. Boriti ina urefu wake, haiongezeki, kwa hiyo chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko mti. Tajiri wa Unguja aliyeweza kununua chochote alilala katika upana ulioamuliwa na msitu wa Tanganyika.

Utajiri wake ulitoka wapi? Karafuu za kisiwani, ndiyo, na pembe za bara. Pembe zilizopita Ugogo zilinunuliwa Unguja na wafanyabiashara wa Marekani, zikavuka bahari hadi jimbo la Connecticut. Huko zilipasuliwa kuwa vibamba vyembamba vya kufunika vibao vya piano. Upo mji jimboni humo unaoitwa Ivoryton, yaani mji wa pembe za ndovu, na jina limebaki hadi leo. Na ile merikani iliyopanda kwetu kulipia hongo, ilifumwa kwa pamba katika viwanda vya hukohuko Marekani. Mama aliyejifunga merikani hapa nchi ya kati, na binti aliyejifunza piano sebuleni kwao New York, walikuwa katika biashara moja bila kujuana.

Usiondoke Unguja bila kwenda Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Anglikana likajengwa mahali hapo. Nje ya kanisa kuna shimo lililojengewa, na ndani yake sanamu za watu watano waliofungwa mnyororo shingoni. Ziliwekwa mwaka 1998. Wamezama shimoni, nyuso zao ziko chini ya miguu yako. Pale nenda na watoto wakubwa, na wape muda. Na ukipita Forodhani, utaiona Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakapoteza maisha. Kuta hizi hazingoji. Mtu anayeahirisha kuziona, na serikali inayoahirisha kuzikarabati, wote wanashindana na muda.

Kilwa ni safari nyingine, kilomita 300 hivi kusini ya Dar es Salaam kwa barabara. Unafika Kilwa Masoko, unachukua kibali na mwongoza watalii, kisha unavuka kwa boti hadi Kisiwani. Ni mwendo mfupi, lakini wakati wa upepo wa kusi bahari huchafuka, kwa hiyo hakikisha umevaa jaketi la kujiokolea hata kama wenyeji wenzako botini hawakuvaa.

Pale Kisiwani upo Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kwanza ni ya karne ya 11, ukapanuliwa kwa nguzo na kuba mwanzoni mwa karne ya 14. Yapo magofu ya Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la pande nane linalotazama bahari. Msafiri Ibn Battuta wa Morocco alifika mwaka 1331, akamkuta sultani huyo na akausifu ukarimu wake. Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe za shaba.

Uliza tena swali letu: mali ilitoka wapi? Ilitoka bara. Dhahabu ilichimbwa katika nyanda za juu za Zimbabwe, ikabebwa hadi Sofala, na Kilwa ikaishika biashara hiyo ya Sofala. Sarafu ya Kilwa imepatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Kwa hiyo miaka mia tano kabla ya Bagamoyo kunona kwa pembe, Kilwa ilishanona kwa dhahabu ya wachimbaji wa bara. Wareno waliijua siri hiyo. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, askari wake wakaupora, na Kilwa haikurudia hadhi ile. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 kwa jinsi magofu yalivyokuwa yakimomonyoka, na baada ya kazi ya ukarabati zikatolewa humo mwaka 2014. Hilo ni jambo la kujivunia, na ni ushahidi kwamba tukiamua tunaweza.

Mwenye nafasi aongeze Pangani, aongeze makaburi ya Tongoni karibu na Tanga, aongeze Kua kule Mafia. Mwenye pasi ya kusafiria na nauli avuke hadi Ngome ya Yesu ya Mombasa na mji wa Lamu. Kila mahali nenda na swali lilelile.

Sasa nina neno kwa waongoza watalii wa pwani, maana nao hunisikiliza. Kazi yenu naiheshimu. Nyinyi ndio mlioshika ufunguo wa maana ya mawe yale. Lakini nimewahi kufuata kundi ambalo masimulizi yalianzia kwenye jahazi na kuishia ufukweni, na watu wa bara wakatajwa mara moja tu, kama shehena. Naomba hadithi ianzie Tabora, Ugogo na Zimbabwe. Mkimwona mgeni wenu ametoka Dodoma, Singida au Kigoma, mwambieni: mzee, karibu, mlango huu una sehemu yako.

Na kwako msikilizaji wa Busi, nina ushauri wa vitendo. Nendeni kwa kikundi. Vikoba vinavyoweza kununua mabati na vyombo vya sherehe vinaweza kuweka akiba ya safari ya wanachama, haba na haba. Viingilio vya mwananchi ni vya chini kuliko vya mgeni, kwa hiyo chukua kitambulisho chako. Lipa ofisini, dai stakabadhi, na muulize mwongoza watalii leseni yake. Vaa mavazi ya heshima, vua viatu msikitini, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Na kabla ya kuondoka, walimu, watumeni wanafunzi kwa wazee wa hapa kijijini waulize: ni ukoo gani una babu aliyetoka pwani, na ni babu gani wa hapa alikwenda pwani na alibeba nini? Mtoto atakayefika Bagamoyo na swali la babu yake daftarini atajifunza zaidi ya yule aliyefika na simu tu.

Jambo la mwisho ni la viongozi wetu. Tangu mwaka 2006 Tanzania imeiweka njia hii ya misafara katika orodha yake ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia, na humo yametajwa Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mwaka huohuo michoro ya miambani ya Kolo, hapa kwetu, iliingia Urithi wa Dunia kamili. Basi safari iwe ya kwenda na kurudi. Mtalii aliyeshuka Bagamoyo apandishwe treni, aletwe Mpwapwa aonyeshwe njia ilipopita, kisha apande hadi Kolo aone kwamba watu wa nchi hii walikuwa wakichora kabla Kaole haijachoma chokaa yake ya kwanza. Madiwani wetu walizungumze hili katika vikao vya halmashauri: kibao cha kuonyesha njia, vijana waliofunzwa kuongoza wageni, nyumba safi ya kulala. Pwani ilikula matunda ya bara kwa karne nyingi. Ni haki sasa safari za pwani zilete riziki huku zilikotoka pembe, na kazi hiyo inaanza na sisi wenyewe kupanda treni, kwenda, kuona, na kurudi tukiwa na la kudai.